Umejuaje? Likizo ya watoto ndani ya Fort Jesus

Mtoto wa Mombasa huijua Fort Jesus, ngome kongwe ambayo siku hizi ni makumbusho, kwa nje. Anajua pale mbele ndipo panapouzwa krispi za muhogo zenye pilipili na ndimu, ndipo mabasi ya watalii huegeshwa, ndipo maharusi huja kupigwa picha. Ukimwuliza ndani mna nini, atakwambia mizinga. Ukimwuliza nani aliijenga, atakujibu papo hapo: Wareno, mwaka 1593. Ndivyo kitabu cha shule kilivyosema, ndivyo mtihani ulivyouliza, na mtihani ukishapita habari ya ngome nayo imepita.

Nami nilikuwa hivyohivyo. Nimezaliwa Kibokoni, mwendo mfupi tu kutoka lango la ngome, na utoto wangu wote nimepita chini ya kuta zile nikienda chuoni kusoma Kurani au nikitumwa dukani. Ndani niliingia siku shule ilipotupeleka, tumepangwa mistari, kila mmoja na karatasi yake ya kujaza mapengo. "Fort Jesus ilijengwa na ...... mwaka ......" Tulikimbizana kutafuta mabango yenye majibu, tukajaza, tukarudi kwenye basi. Hadi leo nazikumbuka zile krispi za muhogo kuliko chochote nilichokiona ndani.

Kwa hiyo walimu wenzangu waliponiambia wanaandaa kambi ya likizo ya Agosti kwa watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili, humo humo ngomeni, kwa ruhusa na msaada wa watu wa elimu wa makumbusho, nilikubali kwa sharti moja: hakuna kujaza mapengo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuwatuliza wazazi. Nyanya mmoja wa Mji wa Kale aliposikia kambi alidhani watoto watalala huko. "Mule wamekufa watu hawana hesabu," akaniambia mlangoni pake, "nanyi mwataka kuwalaza watoto wetu?" Nikamweleza kuwa wanakuja asubuhi, wanaondoka alasiri, na adhuhuri wanapumzika wakaswali na kula. Akakubali, ila mjukuu wake alikuja na hirizi shingoni siku zote za kambi.

Wazazi wa ng'ambo ya Nyali walikuwa na swali jingine: watasoma hesabu? Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ilipiga marufuku tuisheni ya likizo nchini Kenya, lakini sisi wote tunajua tuisheni iko wapi na inaitwa nini siku hizi. Mzazi analipa akitarajia daftari lijae. Tukawaambia daftari litakuwepo ila halitakuwa na alama. Wengine walitoa watoto wao hapo hapo. Sikuwalaumu, kila mtu na wasiwasi wake.

Kanuni yetu ilikuwa moja. Mtu yeyote akisema jambo kuhusu zamani, mtoto au mtu mzima, mwingine ana haki ya kumwuliza: umejuaje? Na lazima ajibu. Jibu laweza kuwa nimeona, nimesoma pahali fulani, nimeambiwa na fulani, au nakisia tu. Yote yanakubalika, mradi useme ni lipi kati ya hayo.

Tulidhani watachukua muda kuizoea. Hawakuchukua hata asubuhi moja. Mwongozaji wetu alianza kwa ile habari ambayo kila mwongozaji huanza nayo, kwamba ngome ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali, kichwa kikielekea baharini. Mkono ukapanda juu. Kijana mmoja wa Likoni, mdogo kuliko wote: "Umejuaje? Na zamani hakukuwa na ndege." Mwongozaji akacheka, halafu akaona yule mtoto hacheki.

Basi tukakaa chini tukalijibu. Ngome haikuota kama uyoga. Ilichorwa kwanza kwenye karatasi na msanifu aliyeitwa Giovanni Battista Cairati, Mwitaliano wa Milan aliyekuwa akiwafanyia Wareno kazi huko India. Yeye hakuhitaji ndege, maana aliiona kutoka juu kabla haijakuwepo. Tukatoa mchoro wa ramani ya ngome, tukatoa na picha iliyopigwa kutoka angani, watoto wakavilinganisha kwa vidole vyao: hapa kichwa, hapa mikono, hapa miguu. Wengine walikubali. Yule kijana wa Likoni alisema yeye anaona kasa. Tukaandika kasa.

Lakini kwa nini ikawa na kona nyingi namna ile? Hapa ndipo nilipofurahi kwamba tuko mahali penyewe na si darasani. Upande wa bara kuna handaki, na kwenye pembe za ngome kuna maburuji manne, yaani sehemu za ukuta zilizochomoza nje, yaliyopewa majina ya watakatifu: San Filipe, San Alberto, San Matias na San Mateus. Tuliwagawa watoto. Kundi moja juu na mwalimu, penye ukingo wa kwenda kifuani, kundi jingine chini kwenye majani, likiambiwa litafute mahali chini ya ukuta ambapo walio juu hawatawaona. Ni mchezo wa kujificha tu. Wakajibanza huku, wakajibanza kule, wakajilaza kifudifudi kwenye pembe. Kila walipokwenda, sauti kutoka juu: "Nimekuona! Mwenye fulana nyekundu!" Buruji hili humwona anayejificha chini ya buruji lile, na lile humwona wa huku. Walipochoka, msichana mmoja aliyekuwa chini alikuja akihema akasema, "Mwalimu, hii nyumba haina nyuma." Sijasikia maelezo mazuri zaidi ya ngome za zama zile za mizinga.

Sasa niwaeleze vigae, maana kwangu vigae ndivyo vilivyokuwa kambi yenyewe.

Watu wa makumbusho walitupatia trei za vipande vya vyombo vilivyovunjika zamani, vile visivyojulikana vilitoka shimo gani na tabaka gani. Kwa mtafiti, kigae kisichojulikana kilikotoka hakina kazi kubwa. Kwa mtoto ni hazina, kwa sababu anaruhusiwa kukishika. Tukavimwaga juu ya mkeka. Vingine vilikuwa vya kaure ya Kichina, nyeupe na buluu, vyembamba, vikigongana vinalia kama kengele. Vingine vya vyombo vya Uajemi na Uarabuni, vyenye mng'aro wa kijani kibichi. Vingi zaidi, vingi kabisa, vilikuwa vya udongo wa kwetu, vyekundu na vyeusi, vizito, visivyo na rangi ya kuvutia.

Tukawaambia kila mmoja achague kimoja. Unajua kilichotokea: Wachina wakamalizika mara moja. Waliochelewa wakabaki wanavitazama vyeusi kama mtu aliyepewa kichwa cha samaki ilhali wenzake wana minofu.

Halafu tukawauliza: kigae chako kinakwambia nini? Wenye kaure walisema ni kizuri. Kilitoka mbali. Kilikuwa sahani au bakuli. Mwenye sahani alikuwa tajiri. Hapo wakakwama. Kigae kizuri huisha maneno haraka.

Msichana mmoja wa Kibokoni, wa miaka tisa, alikuwa amepata kipande cheusi cha udongo, kama nusu ya kiganja, kimepinda. Alikigeuza, akakinusa, akapitisha kucha ndani yake. Akasema, "Hiki ni cha chungu. Hapa ndipo tumbo linapokunjika, chini yake kuna masizi, juu hamna. Kwa hivyo kilikaa juu ya mafiga, moto haukufika huku juu." Umejuaje? wakamwuliza wote kwa pamoja, kwa furaha ya kumnasa mwenzao. "Nyanya hupikia samaki kwa chungu kama hiki. Mimi ndiye nikisuguaye. Masizi ya chini hayatoki hata usugue vipi, na ndani kule pembeni huganda tui." Akaonyesha ndani ya kigae. Kulikuwa na utando mweusi mwembamba, mgumu. "Na huyu aliunguza."

Watoto wa Nyali, ambao kwao hupikwa kwa gesi na sufuria za kung'aa, walimtazama kama profesa. Mmoja akamwomba wabadilishane, kaure kwa chungu. Akakataa.

Nilifikiri sana juu ya jambo lile. Makumbusho yetu mengi huweka kaure mbele, ndani ya kioo, chini ya taa, kwa sababu inapendeza na inathibitisha kwamba pwani yetu ilifanya biashara na dunia. Ni kweli ilifanya. Lakini aliyeishi hapa na kupika na kuunguza mchuzi yumo kwenye kile kigae cheusi, na mtoto aliyesugua chungu kwao ana ujuzi wa kumsoma ambao mwenzake wa shule ya bei ghali hana. Kama nia ya kambi ni kumwonyesha mtoto kwamba historia hii ni yake, usimwanzishe kwa masultani. Mwanzishe kwa masizi.

Kutoka hapo tukaenda kwenye suala la tabaka, na hili tulilifanya kwa jalala. Kila mtoto alitakiwa aeleze pipa la taka la kwao tangu juu hadi chini. Juu kabisa: maganda ya mayai ya asubuhi. Chini yake: mifuko ya maziwa, nepi ya mdogo wangu. Chini zaidi: mifupa ya biriani. "Kwa hiyo biriani ililiwa lini?" Ijumaa! Walijua bila kuambiwa kwamba cha chini kilitangulia. James Kirkman, aliyefukua ngome hii kuanzia mwaka 1958, aliifanya kazi hiyohiyo, ila jalala lake lilikuwa la karibu karne nne. Na mtu akija usiku akalivuruga pipa, biriani ikapanda juu na mayai yakashuka chini? Wakaelewa papo hapo kwa nini vigae vya kwenye mkeka vilikuwa vimepoteza nusu ya habari zake, na kwa nini mtu anayechimba magofu kutafuta dhahabu anatuibia hata asipopata kitu.

Kuna ukuta mmoja ambao wageni wengi huutazama kidogo wakapita. Ni lipu ya zamani iliyohifadhiwa, ambayo askari wa Kireno waliichora kwa makaa na kwa rangi nyekundu ya udongo: merikebu, samaki, watu. Si kazi ya fundi. Mistari imepinda, merikebu nyingine ina milingoti mirefu kuliko merikebu yenyewe. Watoto waliupenda kuliko mizinga. Swali lao la kwanza lilikuwa la haki kabisa: "Hawakupigwa kwa kuchora ukutani?" La pili: "Mbona wamechora merikebu nyingi?" Tukawarudishia swali. Jibu walilokubaliana ni kwamba askari alikuwa akitaka kwenda kwao. Umejuaje? Nakisia, mwalimu. Vizuri, andika nakisia.

Tulikuwa na makaa na udongo mwekundu, tukabandika karatasi za manila ukumbini wachore kitu ambacho wangekichora kama wangefungiwa mbali na nyumbani kwa miezi. Nilitarajia simu na magari. Nilipata feri ya Likoni, paka, mlango wa kwao, mama akikuna nazi.

Wazo la kuwavisha watoto mavazi lilikuja, kama linavyokuja kila mahali. Nusu wawe Wareno, nusu Waarabu, panga za maboksi, wapigane uani. Picha zingetoka vizuri. Tuliliacha, na sababu yake ndiyo niliyotaka kuifikisha kwa watoto wale kuliko zote.

Kila mtoto amesikia kwamba Waomani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 na wakaiteka Desemba 1698. Miezi thelathini na mitatu. Kinachosimuliwa ni Wareno ndani, Waarabu nje. Lakini ndani mule Wareno walikuwa wachache toka mwanzo. Walio wengi walikuwa watu wa pwani hii, wanaume kwa wanawake na watoto. Maradhi yaliwafagia. Ilipofika mwisho wa Agosti 1697, Wareno wa ngomeni walikuwa wamekwisha, na aliyeishikilia ngome, kwa muda, ni Bwana Daud wa Faza, huko Pate, pamoja na jamaa zake na Waafrika wachache waliosalia, wengi wao wanawake. Utawagawaje watoto makundi mawili hapo? Bwana Daud ungemvisha nini?

Tulisimulia habari hiyo juu ukutani, upande wa bahari, kwa sababu ya upepo. Ilikuwa Agosti, kusi, upepo utokao kusini, inakaribia kutulia. Mtoto wa mvuvi akatueleza kwamba babake Juni na Julai haendi mbali, bahari imechafuka, na kwamba kaskazi, upepo utokao kaskazini, ndiyo huleta majahazi kutoka Arabuni. Basi tukamwachia yeye asimulie nusu. Msaada wa kwanza kutoka Goa, makao makuu ya Wareno huko India, ulifika Krismasi ya mwaka 1696. Upepo gani? Kaskazi! Kisha merikebu zikaenda Msumbiji na kurudi Septemba 1697. Upepo gani? Kusi! Kwa nini wale wa Goa hawakuja mapema, watu walipokuwa wanakufa? Kimya, kisha yule mtoto wa mvuvi, kwa sauti ya mtu mzima: "Hawawezi. Upepo ulikuwa wa kinyume." Moja ya merikebu hizo, Santo António de Tanná, ilizama Oktoba ile mbele ya ngome, pale pale tulipokuwa tukitazama. Wapiga mbizi waliifukua chini ya maji kati ya mwaka 1977 na 1980, na baadhi ya vitu vyake vimo kwenye makumbusho. Watoto walishuka kuvitazama bila kusukumwa.

Njiani tukawapitisha kwenye ngazi zilizochongwa ndani ya mwamba wa matumbawe kushukia baharini, ambako chakula kiliweza kuingizwa wakati wa kuzingirwa. Baridi, giza, harufu ya popo. Huko hakuna aliyeuliza chochote.

Habari ya Yusuf bin Hasan ilikuwa ngumu zaidi. Babake, sultani wa Mombasa, aliuawa mwaka 1614. Yeye, mtoto mdogo, akapelekwa Goa, akalelewa na watawa, akabatizwa Dom Jerónimo. Akarudishwa Mombasa mwaka 1626 awe mfalme chini ya Wareno. Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akarudi kwenye Uislamu, na wengi wa Wakristo wa mji wakauawa. Mwaka uliofuata aliiacha ngome na kuondoka kwa merikebu. Nilijiuliza kama tuwasimulie watoto mauaji. Tuliwasimulia bila kuyapamba. Katika chumba kile walikuwemo Waislamu na Wakristo, na nilikuwa na wasiwasi nani atamgeukia nani. Walichoshikilia wao ni jambo ambalo sisi tulilipita kwa sentensi moja: alikuwa na umri gani alipochukuliwa? Kama wetu? Nani alimchukua mkono? Mamake alisema nini? Maswali haya yalijaza karatasi nzima ya manila, na hatukuyajibu. Tuliibandika ukutani ikakaa.

Siku ya kwenda mitaani ilikuwa ya kupima. Tulitembea hadi nyumba ya zamani ya jamaa yangu, Mji wa Kale, na kuwaambia wapime upana wa vyumba kwa shibiri. Ugomvi. Huyu kapata kumi na sita, huyu kumi na nane, mimi nikapata kumi na mbili, chumba ni kilekile. Baada ya kelele nyingi wakakata shauri watumie mkono wa mtu mmoja tu, wakamchagua mwalimu mrefu kuliko wote. Chumba cha kwanza, cha pili, cha tatu: urefu unatofautiana, upana karibu sawa, vyumba vyote vyembamba. Kwa nini? Wakaambiwa watazame juu. Boriti. Mti wa mkoko una urefu wake, hauwezi kuubembeleza urefuke, na dari hutandazwa juu yake. Hivyo upana wa chumba uliamuliwa msituni, Lamu au Rufiji, kabla fundi hajaweka jiwe. Boriti hizohizo zilipakiwa majahazini hadi Maskati, Bahrain na Kuwait, kwa hiyo huko nako vyumba vya zamani vimekuwa na ufinyu huohuo. Mama mwenye nyumba alitupa juisi ya ukwaju na viazi karai, akawauliza watoto mbona hakuna aliyewahi kumwambia hayo, naye amelala chini ya boriti hizo miaka yote.

Mizinga waliipanda. Usiulize. Mizinga hupandwa.

Mzee tuliyemwalika aje azungumzie gereza alikuja na kanzu safi na bakora, akawapa watoto mkono mmoja mmoja. Kutoka mwaka 1895 hadi 1958 Waingereza waliifanya ngome hii gereza, na baada ya hapo ndipo ilipokabidhiwa ihifadhiwe, ikawa makumbusho mwaka 1962. Mzee alikuwa mtoto wa mtaa ule miaka ya hamsini. Akasimulia jinsi wafungwa walivyotolewa asubuhi kwenda kufagia barabara, na jinsi kina mama walivyowatisha watoto: ukifanya ujeuri utapelekwa Ngomeni. Kijana wa Likoni, nani mwingine, akainua mkono. Nikajua kinachokuja na moyo ukanidunda, maana mtu mzima haulizwi hivyo kwetu. "Babu, umejuaje?"

Mzee akamtazama. "Kwa macho yangu haya mawili. Na kwa sababu ammi yangu alikuwamo. Alishikwa na tembo la mnazi bila kibali." Kisha akawaonyesha kwa bakora pale alipokuwa akisimama ili amwone ammi yake akipita. Wakaenda wote wakasimama hapo. Baadaye aliniambia kwamba wajukuu zake hawajawahi kumwuliza, na kwamba waandishi waliowahi kumhoji walitaka habari za Wareno. Za Wareno yeye atazijulia wapi?

Kuhusu fedha niseme kidogo. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu kuliko cha mgeni, na cha mtoto ni nafuu zaidi, lakini nafuu mara siku zote za kambi, jumlisha nauli ya kutoka Likoni au Kisauni, jumlisha chakula, si nafuu tena. Tuliwatoza wenye uwezo zaidi kidogo ili wengine waingie bure, na hatukumwambia mtoto yeyote nani amelipiwa. Kuna mzazi aliyelalamika kwamba mwanawe amewekwa kundi moja na "watoto wa mtaani". Mwanawe ndiye yule aliyetaka kubadilisha kaure kwa chungu.

Alasiri ya mwisho wazazi walikuja wakaongozwa na watoto. Hakukuwa na vyeti wala nyimbo za kukariri. Baba mmoja, ambaye riziki yake ni kuongoza watalii humo humo, alimfuata bintiye kwa tabasamu la fundi anayemtazama mwanafunzi. Walipofika upande wa bahari akashindwa kujizuia, akaingilia kati kusema Wareno walipigana hadi mtu wa mwisho. Bintiye akasimama, mikono kiunoni. "Baba, umejuaje?" Watu wakaangua kicheko. Baba akasema ndivyo alivyofundishwa alipoanza kazi. "Na Bwana Daud je?" Hakumjua Bwana Daud. Nimesikia kwamba siku hizi humtaja, na kwamba watalii humwuliza zaidi juu yake kuliko juu ya Vasco da Gama.

Karatasi za maswali zimo kabatini makumbushoni, na tumekubaliana likizo ya Desemba tuanze nazo. Kaskazi itakuwa imeingia, kwa hiyo habari ya upepo tutaisimulia upya, safari hii tukiwa upande wa Bandari ya Kale. Tunataka pia kuwapeleka watoto Jumba la Mtwana, kule Mtwapa, wakaone magofu ya mji ambao haukuwahi kuwa na Mreno, ila bado tunahangaikia usafiri. Na vigae havitoshi. Vile vya makumbusho vinachakaa kwa kushikwashikwa, na nyanya zetu nao wanahamia kwenye sufuria. Mwenye chungu kilichovunjika nyumbani asikitupe jalalani. Akifunge kwenye gazeti kama kilivyo, bila kukiosha, aandike kilipikia nini, tutakipokea.